Barua ya wazi kwa wenye funguo za stesheni za kale: turuhusuni tupime

Kwa waheshimiwa wote mlioshika dhamana ya reli ya zamani, majengo yake na makaratasi yake,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wazima.

Nianze na kisa, maana bila hicho nisingeshika kalamu. Jumapili moja asubuhi nilikwenda kwenye stesheni moja ndogo ya njia ya zamani, huku huku pwani, jina lake silitaji. Treni ya abiria haijasimama hapo miaka. Mbuzi watatu walikuwa wamelala kwenye kivuli cha jukwaa, na mtu ameanika mashuka kwenye ua wa chuma. Nilikuwa na futi kamba, daftari, na kijana wa jirani wa kunishikia ncha. Tukapima jukwaa kutoka mwisho hadi mwisho. Tulipofika kwenye mlango wa ofisi ya stesheni masta, akatokea askari.

"Nyinyi mwapima nini?"

Nikamwambia twapima stesheni. Ya nini? Ya kuitia kwenye kompyuta. Akanitazama kama niliyemwambia naitia kwenye chupa. "Kiwanja hiki kina wenyewe," akasema. "Mmetumwa na nani?"

Hapo ndipo nikafahamu. Mombasa hii, mtu akionekana na futi kamba kwenye ardhi ya umma, hakuna atakayedhani ni mpenda historia. Huyo ni dalali, na nyuma ya dalali kuna tajiri, na nyuma ya tajiri kuna hatimiliki iliyotoka usiku. Simlaumu askari yule. Ningekuwa mimi mlinzi ningelimfukuza mtu kama mimi. Nikafuta picha zangu mbele yake, nikarudi nyumbani na vipimo viwili: urefu wa jukwaa, na nusu ya mlango.

Waheshimiwa, mimi si mhandisi wala dalali. Mchana natengeneza simu. Usiku naendesha treni.

Naiendesha kwenye kompyuta ya mtumba, kwa programu iitwayo Open Rails. Haiuzwi. Imeandikwa na watu wa kujitolea, na inasoma njia na injini zilizotengenezewa Microsoft Train Simulator, mchezo wa kuendesha treni wa mwaka 2001, ndiyo maana hata mashine yangu kongwe inaiweza. Wenzangu wengine wanatumia Trainz, programu nyingine ya aina hiyo. Humo ndani mna njia za Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani, pamoja na vituo vya vijijini ambavyo nadhani hata wenyeji wamekwisha kuvisahau. Mtu aweza kukaa Changamwe akaijua kila ishara ya bonde fulani la Wales, mvua yake na kona zake, asijue mlingoti wa ishara ya Mazeras ulikuwa na urefu gani. Mimi nilikuwa mtu huyo kwa miaka minne. Kisha nikaona haya.

Basi sisi wachache (tukikusanyika twaenea meza moja ya mkahawa, na kiti kimoja hubaki) tumeamua kuijenga njia yetu: stesheni ya Mombasa mjini, Makupa, Kibarani, Changamwe, Miritini, mpaka Mazeras. Safari yenyewe si ndefu, lakini ni ngumu, kwa sababu kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi kuna zaidi ya mita 1,600 za kupanda, na kupanda huanza mara tu ukikipa kisiwa mgongo.

Njia ya kwenye kompyuta huanza na ardhi kama nyumba. Vipimo vya mwinuko vipo bure. Chombo cha anga cha Marekani kiliipima karibu dunia nzima kwa rada mwezi wa Februari 2000. Shida ni kwamba nukta moja na ya pili zimeachana kama mita 30, na tuta la reli ni jembamba kuliko hapo. Rada haikuliona. Kwa hiyo reli yangu ya kwanza ilikuwa na nundu kama ngamia, na treni ya mizigo ikipita mabehewa yalipanda na kuzama mithili ya mashua kwenye mkondo wa Likoni. Kuitengeneza kunataka mtu aende kwa miguu na futi yake: hapa tuta lina kimo gani, hapa pamechimbwa kiasi gani, taruma na taruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, zimeachana vipi. Hakuna setilaiti itakayonifanyia.

Na hata nikipata ardhi, bado sijapata treni. Hilo nilifundishwa na Ami.

Ami ni jirani yangu. Mtaa mzima twamwita hivyo. Alianza reli kama fayamani, mchochea moto wa injini za mvuke, kisha akawa dereva wa dizeli mpaka akastaafu. Nilimketisha mbele ya kompyuta, nikampa injini aina ya 59, ile Garratt kubwa nyekundu ya damu ya mzee, na mabehewa ya mizigo nyuma yake, imesimama Changamwe ikitazama bara. Akavua kofia akaiweka kando ya kibodi. Akafungua mvuke taratibu. Treni ikachomoka kama tuktuk.

Ami akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "hii umepakia pamba?"

Kisha akaacha kucheka, akaanza kusema, na nikawasha kinasa sauti cha simu. Garratt, akasema, ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati. Kila moja ina magurudumu yake na silinda zake, na hazijafungwa pamoja. Zikiwa mlimani pumzi zake hutoka kwa bomba moja: kwanza zinapiga pamoja, kisha moja inaipita nyingine kidogo kidogo, zinachanganyika, halafu zinakutana tena. Alinionyesha kwa mikono juu ya meza, wa kulia ukichelewa nywele moja nyuma ya kushoto, kama chapuo na msondo wa wapigaji wawili wasiosemezana. Siku ya mvua za mbele huteleza na za nyuma zikashika, na sauti huvunjika katikati. Dereva huijua reli kwa sikio kabla hajaijua kwa jicho.

Akanieleza na mchanga. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa, na mafuta hujaza masizi ndani ya mabomba ya boila. Kila baada ya muda fayamani huchota mchanga kwa upawa wa chuma akautupa tanuruni, mvuto wa moto ukaupeleka ukasugue masizi yatoke. Hapo moshi huwa mweusi tititi. "Na walioanika nguo," akasema Ami, "wakamtaja mama yangu, ambaye hakupata kupanda treni hata mara moja."

Hayo hayamo kwenye faili lolote nililopata. Sasa yamo. Mlio wa injini yangu umefuatisha mikono ya Ami ikipiga meza, na treni sasa huondoka Changamwe kwa tabu inayostahili. Watoto wa mtaani wanapanga foleni kuiendesha. Hawa wameijua Madaraka Express tu, treni ya reli mpya pana, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Mmoja aliniuliza kwa nini reli hii ni nyembamba, kama iliyofuliwa ikaruka.

Kwa asiyezijua, injini za 59 zilikuwa 34. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilizitengeneza mwaka 1955 na 1956, zikapewa nambari 5901 hadi 5934 na kila moja jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ulikuwa kama tani 250, urefu karibu mita 32. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hakujapata kuwa na injini ya mvuke iliyozishinda nguvu. Zilizosalia ni mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, na zote ziko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Milima yenyewe yote miwili iko Tanzania, lakini hilo ni jambo la undugu, tuliache.

Tunayo na treni ndogo ya mezani. Ubao wa plaiwudi, futi 4 kwa 8, chumbani kwa mwenzetu asiyeoa bado. Tumetumia kipimo cha 1 kwa 87, kwa sababu nzuri: reli ya kale ya milimita 1,000 inakuwa njia ya milimita 12 hivi, na ya kisasa ya milimita 1,435 inakuwa 16.5, na saizi zote mbili ziko kwa mafundi wa treni ndogo duniani kote. Ukizilaza sambamba Miritini yetu, unaona kwa jicho moja karne na zaidi ya historia imeongeza upana kwa urefu wa punje ya mchele tu. Garratt ya Ami hapo haizidi boflo refu, sentimita 36 na kitu. Mataruma ni vijiti vya aiskrimu. Kokoto ni mchanga wa Bamburi uliopita kwenye chekeche la unga. Mwenye chekeche ni mke wangu, hajui mpaka leo, na akisoma barua hii mimi nimekwisha. Msimu wa mvua ubao hufura, reli hujikunja, treni ikaanguka Kibarani. Kibarani yetu huanguka treni kila wiki.

Na pale panapostahili stesheni ya Mombasa tumeweka sanduku la viatu. Tumeliandika STESHENI kwa kalamu ya wino. Limekaa hapo mwaka wa pili.

Tungeweza kubuni. Wengi hubuni: unatazama picha mbili za kale, unakisia paa, unakisia madirisha, unapaka rangi. Mgeni hatatambua. Lakini Ami atatambua, na huyo ndiye ninayemwogopa. Halafu jengo la kubuni likishaenea kwenye kompyuta za watu huwa ndilo jengo lenyewe. Baada ya miaka ishirini mtu atalinakili akidhani ni ukweli.

Makupa ilinifunza. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote, tuta la kale, maji yamesimama upande huu na upande huu, nikijiambia nitapima mwezi ujao. Kisha kazi ya ujenzi ikaja, daraja jipya la magari likafunguliwa mwaka 2022, na sura ya mahali ikageuka. Daraja ni zuri, bahari inapumua, silalamiki. Ila nililotaka kulipima halikuningoja, na picha nilizo nazo nyingi zina kidole changu kwenye kona.

Mombasa ndiyo maili sifuri, waheshimiwa. Kazi ya reli ya Uganda ilianzia Kilindini mwaka 1896. Nairobi ilikuja 1899 kama kambi ya reli, ikachukua makao makuu na haikuyarudisha. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Na mjini humu kulikuwa na reli nyingine wanayoisahau hata wapenda reli: njia nyembamba ya futi 2 iliyopita mitaani, ikibeba troli zilizosukumwa na watu kwa mikono, wakubwa wamekaa chini ya kitambaa cha jua wakielekea Kilindini. Hiyo nayo nataka kuijenga. Sijui programu gani itakubali injini ambayo ni watu wawili waliolowa jasho.

Lakini tazameni vitu viko wapi. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi mwaka 1898 wako Field Museum, Chicago. Behewa ambamo simba alimvuta ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900 liko Nairobi. Kumbukumbu na michoro ya kiwanda cha Beyer, Peacock imehifadhiwa Manchester, kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda. Kwa hiyo mimi wa Changamwe naweza kuandikia Uingereza barua ya heshima nikauliza habari za injini iliyopita nyuma ya nyumba yetu, na mlango wa stesheni nisiupate, ilhali nauona nikiwa kwenye matatu.

Waliohifadhi si maadui zangu. Bila wao tusingekuwa hata na hicho. Ninachosema ni kwamba kilichobaki Mombasa ni kile kisichohamishika, yaani majengo, matuta, madaraja madogo ya mawe, na wazee. Wazee nao, tusidanganyane, wanahamishika.

Makaratasi ni habari nyingine. Mwenzetu mmoja aliokota kitabu cha kuandikia treni kwenye rundo la taka nje ya ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kumvunjia mtu kazi. Mchwa walikuwa wameanza na jalada. Ndani kuna mwandiko mzuri wa wino wa buluu, mstari kwa mstari: nambari ya treni, saa ya kufika, saa ya kuondoka, sababu ya kuchelewa. Kwa mtu wa kawaida ni takataka. Kwetu sisi ni ratiba: kwa kitabu kile tuliweza kujua treni ngapi zilipishana usiku mmoja na ipi ilisubiri ipi, tukaziendesha upya kwenye kompyuta kwa saa zile zile. Ami alikaa nasi mpaka saa saba za usiku. Treni moja ilipochelewa kama ilivyoandikwa, akasema alijua itachelewa, akalitaja na jina la dereva. Sitaliandika hapa.

Najua mtakayoniambia. Kwanza, usalama. Njia ya zamani bado ina mizigo, bandari ni bandari, na hakuna mtu mwenye akili atakayeruhusu wapita njia wazurure kwenye reli hai na kamera. Nakubali neno kwa neno. Bandarini hatutaki kuingia, na kwenye reli inayotumika hatutakanyaga. Pili, chuma. Biashara ya skrepu imeila reli kiasi kwamba Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa muda nchi nzima. Mtu anayezunguka stesheni tupu akihesabu vyuma ana kila sifa za mwizi, nami nimekwisha kueleza nilivyofananishwa na mbaya zaidi. Lakini mwizi wa chuma hahitaji daftari. Na kitu kilichopimwa, kikapigwa picha, kikapewa nambari, kikiibwa angalau mtajua kimeibwa.

Tatu, mtasema kuna mipango. Kazi ya kuunganisha Miritini na stesheni ya mjini kwa reli ya mita nimeifuatilia kwa furaha ya mtoto, na naiombea heri. Ila mipango ndiyo inayonitia haraka. Fundi akija kutengeneza paa hatauliza paa la kwanza lilikuwaje. Atatoa mabati, ataweka mabati.

Kwa hivyo ombi langu ni karatasi moja yenye mhuri. Iseme kwamba watu watatu, majina na nambari za vitambulisho zimeandikwa, wanaruhusiwa kupima na kupiga picha majengo yasiyotumika ya njia ya zamani kutoka mjini hadi Mazeras, siku mtakayotaja, wakiwa na mlinzi. Tutavaa vizibao vya kung'aa, tumekwisha kununua. Kila mchoro tutakaochora nakala yake itakuja kwenu, kwa karatasi na kwa faili, bila malipo, mfanye mtakavyo. Na kabla ya kutupa vitabu, tikiti, ramani au vibao, mtupigie simu. Tunayo skana. Tutakuja na pikipiki siku hiyo hiyo, tutaskani, tutawarudishia mkavitupe kwa raha zenu, ingawa natumai mkono utasita.

Pesa hatuombi. Kuna mazungumzo ya siku nyingi vijiweni kwetu kwamba stesheni ya mjini itengewe chumba kimoja, kiwekwe meza yetu, kompyuta mbili za watoto, na kiti cha Ami. Nakitamani chumba hicho, lakini leo sikiombi, kwa sababu nikiomba chumba mtaunda kamati, na kamati itaomba chumba.

Jumapili ndiyo hutufaa zaidi; Ijumaa baada ya swala pia twaweza. Ami amesema atakuja. Anashikilia kwamba ule mlango wa ofisi ya stesheni masta ni mpana kuliko ninavyokisia, na mimi sina la kumjibu, kwani kipimo nilicho nacho ni futi mbili na inchi tatu kutoka mwimo wa kushoto, hapo ndipo tulipokatizwa. Futi kamba ninayo. Ncha ya pili ataishika askari, akipenda.

Wenu,
Fundi simu na mpenda reli,
Changamwe, Mombasa